Kadi ya Arobaini na Moja

Mwaka wa hamsini na sita kwenye meza yetu pale Ilomba hapakuliwa chakula tangu Januari hadi mwisho wa Februari. Juu yake kulikaa boksi la viatu lililojaa kadi, na mume wangu Sedekia alisema atakayemwaga uji pale atafute kwao. Kila kadi ilikuwa na mtu mmoja, au mahali pamoja, au jina moja na lilikotoka. Kadi zilikuwa sitini. Zilikuwa za Mwalimu Kalinga wa Kihesa, kule Iringa, aliyemfundisha Sedekia zamani. Mwalimu alikuwa amestaafu, na sasa alikuwa anatengeneza kitabu kidogo cha shule, watoto wafungue waone mto huu unaitwa hivi kwa nini, na mzee fulani alifanya nini hata anatajwa. Upande wa Iringa aliuandika mwenyewe. Upande wa Mbeya alimpa Sedekia.

Masharti yake aliyaandika kwenye karatasi, nasi tukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Jina likae juu peke yake, kwa herufi kubwa. Chini yake mistari isizidi minane. Usimsifu mtu, sema alichofanya. Usiandike "inasemekana" mara mbili kwenye kadi moja.

Sedekia alizunguka na baiskeli kila Jumapili baada ya ibada akiuliza wazee, akarudi na daftari limejaa mwandiko ambao hata yeye kesho yake ulimshinda. Kunakili kwenye kadi ilikuwa kazi yangu. Nilisoma madarasa manne tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa umesimama, na Sedekia alipenda kuwaonyesha wageni.

Niliifurahia ile kazi. Niliandika kadi ya kilima ambacho wawindaji walikiita Kisogo kwa sababu ukifika pale kijiji hukioni tena. Niliandika ya mama mmoja aliyepokea watoto mia mbili na hakujaliwa wa kwake. Nikaandika kadi ya arobaini, ya mzee Andendekisye jirani yetu, aliyejenga shule ya kwanza ya nyasi kando ya mfereji. Halafu nikafunua ukurasa, nikakuta ya arobaini na moja ni ya baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana halitaji jina la baba wa mumewe. Hamwangalii usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hapiti naye njia moja. Yeye akija, anakohoa kwa mbali, nasi tunaingia migombani mpaka apite. Wachungaji walisema mambo hayo yameisha, na wako waliowasikia. Katika nyumba ile hayakuisha. Sisi wake wa wanawe tulikuwa na jina letu la kumwita, jina la jikoni, tukiwa wenyewe tu, na yeye hakulijua.

Mimi nilikuwa nimeshakosa mara moja. Mwaka nilioolewa ililetwa barua ya baba mkwe, na nyumba nzima hapakuwa na anayejua kusoma isipokuwa mimi, maana Sedekia alikuwa kazini. Nikaishika kwa majivuno ya msichana wa shule, nikasoma bahasha kwa sauti, jina lote. Wifi zangu waliweka mikono mdomoni. Mama mkwe, Ikupa, aliichukua bahasha mkononi mwangu taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema tutaona.

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku tisa. Wa pili siku ishirini na moja. Hakuna aliyeniambia neno, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Sasa nilikuwa na mimba ya tatu, ya miezi sita, na mimi sikuwa na sala nyingine wala wazo lingine: huyu abaki.

Sedekia hakuwepo nimuulize. Kazini walikuwa wamempeleka Chunya na wapima barabara, akaniachia daftari na neno moja, kwamba Ijumaa dereva wa basi atapita kuchukua mzigo. Nikainakili ile kadi kuanzia mstari wa pili. Kwamba alizaliwa Rungwe, akahamia Ilomba. Kwamba wanawake walikuwa wanashuka gengeni kuchota maji, na wawili walianguka wakafa. Kwamba alichimba mfereji kutoka kijito cha juu kwa viangazi viwili, peke yake kiangazi cha kwanza, na maji yalifika mwaka wa nzige. Mstari wa juu nikauacha wazi. Kuna mwinjilisti wetu, Anania, anajua kuandika vizuri. Nilipanga Ijumaa asubuhi nimpelekee aujaze.

Ijumaa asubuhi nilikuwa shambani napalilia mahindi. Dereva aliwahi. Shemeji yangu Jailos, kaka yake Sedekia, aliona boksi mezani, akakumbuka limesemwa, akalifunga kamba vizuri sana akalitoa. Niliporudi nikakuta kitambaa cha meza tu. Jailos alikuwa amekaa anasubiri kushukuriwa, nikamshukuru.

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Ningesema siku ile, angetumwa mtu, ingeandikwa barua. Nikanyamaza. Nilijiambia Mwalimu ataona pengo na ataandika kuuliza, na barua ikija Sedekia atakuwa amerudi. Nikanyamaza wiki mbili, kila nikisikia baiskeli njiani nachungulia mlangoni.

Barua ilifika Jumamosi alasiri, Sedekia bado yuko Chunya. Niliifungua mimi. Mwalimu Kalinga alishukuru, akasifu mwandiko, akasema kadi ya arobaini na moja Sedekia amesahau jina. Lakini si neno, aliandika, kwa kuwa nimeona kadi ya arobaini nayo inataja mfereji huo huo, ni wazi kwamba ni mtu mmoja, nami nimeziunganisha chini ya mzee Andendekisye. Jumatatu asubuhi Didas wa kiwanda cha uchapaji anakuja kuchukua kurasa.

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Mzee Andendekisye na baba mkwe wangu walikuwa hawajala pamoja miaka kumi na mitano. Andendekisye alikuwa akisema yeye ndiye aliyeonyesha njia ya mfereji kwa vigingi, na mwenzake alifuata vigingi kama ng'ombe. Baba mkwe wangu alikuwa akisema vigingi viwili, vyote viwili vimeelekea mlimani. Kanisani walishikana mikono kwa ncha za vidole. Na sasa watoto wa shule wa nchi nzima watasoma kwamba mfereji ni wa Andendekisye, kwa sababu yangu.

Nilimpelekea mama mkwe barua jikoni nikamwambia yote, mpaka zile wiki mbili. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Mzee akisikia hili hatapiga kelele," alisema. "Kelele zake mimi siziogopi, nimezizoea. Atanyamaza. Akinyamaza vile ndani ya mji wake, wanaoumia ni wadogo."

Aliangalia tumbo langu, kisha akarudi kwenye ndizi zake. Nilijua anachosema. Kwetu mkubwa akiwa na donge moyoni, si lazima alaani. Lile donge linatembea lenyewe, na linaingia nyumba yenye mtoto. Kwa hiyo nilikuwa katikati. Nikilitaja jina, mtoto. Nikiacha kitabu kipite, mtoto.

Jailos aliitwa akaelezwa, akacheka kwanza, akasema kumbe usomi nao una mashimo, halafu alipoona uso wa mama yake akaacha. Yeye angeweza kwenda, ila hajui kusoma. Akipewa kurasa atajuaje kama zimesahihishwa? Anania alikuwa na ibada ya Jumapili, na nauli iliyokuwepo ilitosha mtu mmoja. Posta imefungwa mpaka Jumatatu, simu ya maandishi ingefika kurasa zimekwenda. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Niende mimi na basi la Jumapili alfajiri, na Anania aliandike jina kwenye karatasi, nami nikampe Mwalimu karatasi mkononi bila kufungua kinywa.

Anania aliandika kwa kalamu ya wino, akakunja mara nne. Aliniambia kusoma kwa macho si kutaja. Nilimwitikia, lakini hata kwa macho sikuisoma. Niliifunga kwenye pindo la kanga, nikafunga fundo mara mbili.

Damari, mke wa Jailos, mkubwa wetu sisi wake wa pale, alinisindikiza hadi barabarani akinibebea viazi vya kuchemsha. Alisema nikirudi na mtoto bado tumboni atanipikia kuku. Alikuwa anatania. Nilimwona akijifuta macho basi lilipoondoka.

Mvua za Machi mnazijua. Kabla ya Igawa basi lilizama matopeni. Dereva alituomba tushuke wote, hata mwenye tumbo, akaomba radhi kwangu peke yangu. Wanaume walisukuma, sisi tukasimama kwenye mvua saa nzima na zaidi, maji yanaingia shingoni yanatokea miguuni. Nilishika tumbo kwa mikono yote miwili. Tangu asubuhi mtoto alikuwa akicheza, na sasa alikuwa ametulia. Mama mmoja Msangu alinitupia gunia mabegani, akauliza kama naenda kujifungua Iringa. Nikasema naenda kupeleka jina. Akaniangalia, akanifunika vizuri zaidi.

Tulifika Iringa jua linazama. Kihesa kila mtu alimjua Mwalimu Kalinga. Nilionyeshwa nyumba yenye bati na mipichi mbele. Mkewe alinipokea, mama mnene wa Kihehe aitwaye Lea. Alinivua nguo zenye maji kama mimi ni mwanawe, akanipa zake, akaniweka motoni. Mwalimu alikuwa na homa ya mafua, amekunywa dawa amelala. Mama Lea akasema hata kama ni jambo la serikali litangoja chai ya asubuhi.

Kanga yangu aliianika juu ya meko. Nilikumbuka fundo nikalifungua. Karatasi ilitoka kama ugali. Niliikunjua kidogo kidogo, na ndani palikuwa na doa la buluu, na ukingoni mwa doa mkia wa herufi moja. Sikuweza hata kusema ni herufi gani. Mama Lea aliuliza ni dawa? Nikasema ndiyo, ilikuwa dawa.

Usiku ule sikumsikia mtoto.

Asubuhi Mwalimu Kalinga alikuja mezani na koti juu ya shuka, mtu mwembamba, masikio makubwa, na kurasa zimefungwa kwa utepe. Nilimweleza. Alisikiliza vizuri, akafungua utepe, akatoa ukurasa wa mzee Andendekisye akausoma upya, akashika kichwa. Alisema hilo ni kosa lake, si langu. Mtu hajazi pengo kwa kukisia, na ameyasema hayo kwa wanafunzi miaka thelathini. Akatoa kalamu ya risasi.

"Haya, binti. Huyu mzee anaitwa nani?"

Nikainamisha kichwa.

Alidhani sikusikia, akauliza tena. Nilimwambia ni baba yake Sedekia. Akasema hilo amelielewa, lakini shuleni Sedekia aliandikishwa kwa jina la babu yake, sasa jina. Nikasema siwezi kulitaja. Akauliza wa ukoo gani, nikamwambia, maana ukoo hauna mwiko. Akasema ukoo una watu mia, na akiandika ukoo peke yake kesho mia wote watadai mfereji. Alikuwa na haki. Akanisogezea karatasi na ile kalamu, akasema kwa upole kwamba kuandika si kutaja. Hata mama mkwe wangu angekubali, kwa kuwa wazee waliweka mwiko wa kinywa, hawakuujua wa mkono.

Niliishika kalamu. Nataka niseme kweli, niliishika, na niliiweka kwenye karatasi. Niliona herufi ya kwanza ilivyo. Mkono huu ulikuwa umeandika kadi sitini bila kutetemeka. Nikawaza, bahasha ile sikuitunga mimi, niliisoma tu, na nikazika wawili. Nani amepima akajua mkono ni mwepesi kuliko mdomo? Na kama kipimo ni mtoto wangu?

Nikairudisha kalamu mezani.

"Nisamehe, Mwalimu."

Nje kengele ya baiskeli ililia. Didas amefika, kijana wa kupanga herufi, na haraka zake. Alisimama mlangoni akasema mashine wanayo siku tatu tu, baada ya hapo kuna karatasi za Pasaka za makanisa, kisha hawajui mpaka lini. Mwalimu alimwambia akae. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayekaa juu ya yai.

Mwalimu alijaribu kila njia. Aliuliza kama kuna Mnyakyusa Iringa anayewajua watu wa Ilomba. Sikumjua hata mmoja. Akanitajia majina ya wazee wa Mbeya aliyoyajua, moja moja, niitikie kwa kichwa tu, halikuwamo. Mwisho akavua miwani, akasema baba wa fulani si jina la kukaa juu ya kadi, basi hana budi. Atamwondolea mzee Andendekisye mfereji, na kadi ya arobaini na moja ataitoa kabisa. Kitabu kisicho na mtu huyo ni afadhali kuliko kitabu chenye uongo.

Nikaona nyumbani. Andendekisye yumo na shule yake ya nyasi, na wa kwetu hayumo. Nikaona mzee amenyamaza.

Mama Lea alikuwa anamimina chai. Alikuwa ameyasikia yote, na alimimina mpaka kikombe cha mwisho ndipo akamwambia mumewe.

"Baba Evarista, mbona humuulizi swali lenyewe?"

"Swali gani tena?"

"Wao wanamwitaje? Hawawezi kukaa mji mmoja na mtu miaka yote hawana la kumwita. Mimi baba yako namwita mzee wa Kalenga, mwaka wa thelathini huu. Umewahi kushindwa kujua namsema nani?"

Didas alicheka kwenye kikombe. Mwalimu alisema hiyo ni lugha ya nyumbani, na kitabu ni kitabu.

"Kitabu chako kina kilima kinaitwa Kisogo," mkewe alisema. "Kilima kinaitwa na wawindaji unaandika. Mtu akiitwa na wanawake huandiki?"

Mwalimu alimwangalia mkewe, akaangalia kadi. Halafu akanigeukia akaniuliza, na sauti ilikuwa nyingine, ya mtu aliyesikia kitu anakitaka. Ninyi wake wa wanawe mnamwitaje?

Hata hilo sikuwa nimewahi kulisema mbele ya mwanaume. Lakini halikuwa na mwiko, ila aibu tu.

"Mwenye Maji ya Karibu," nikasema.

Akauliza limetoka wapi, kama alivyouliza kwa kila jina. Nikamweleza. Damari alikuwa mke wa kwanza kuletwa pale. Alitoka mahali ambapo maji ni kuamka jogoo hajawika. Asubuhi ya kwanza akabeba mtungi, akauliza njia ya maji, na mama mkwe akamwonyesha nyuma ya nyumba. Damari alidhani anachezewa. Alipoyaona yanapita alikaa chini akalia, na tangu siku hiyo mzee kwake hakuwa na jina jingine, nasi tuliokuja baadaye tukamfuata.

Mwalimu aliandika huku nasema. Alipomaliza akahesabu mistari kwa kidole: minane. Akanipa nisome, akautoa mfereji kwenye ukurasa wa mzee Andendekisye, akamkabidhi Didas kurasa, na baiskeli ikaondoka.

Nilipaswa kufurahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza nimefanya nini. Nimemtoa mzee wa watu mbele ya nchi bila jina lake, amevaa jina la jikoni kama mtu aliyetoka na kanga ya mke. Labda angependa kukosekana kabisa. Karibu na Chimala mtoto alipiga teke, moja, ubavuni. Nikaweka mkono pale nikauacha mpaka Ilomba.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe. Akasema kitabu kikija tutajua, na kwamba mzee asiambiwe kitu kabla. Damari hakupika kuku. Aliposikia jina lake limo naye alikosa usingizi.

Mtoto alizaliwa Mei, wa kike. Hatukumpa jina. Hakuna aliyesema tunangoja nini, lakini kila mmoja alihesabu. Siku ya tisa ilipita. Kumi na tano. Nilikuwa nikiamka naweka sikio puani mwake. Sedekia alikuwa amerudi, naye alikuwa akijifanya anatafuta kiberiti ili apite karibu asikilize. Siku ya ishirini na moja, mchana, akatoka posta na kifurushi cha Iringa.

Sijui kwa nini kilikuja siku ile. Ningeweza kumwomba akifiche hadi kesho, na nilimwomba, lakini Jailos alikuwa amekwisha kumwambia baba yao kwamba kitabu kimekuja na yeye yumo.

Mzee alikuja. Alikohoa mbali kama kawaida, nikaingia jikoni na mtoto. Aliwekewa kigoda uani, mgongo kwenye ukuta wa matete wa jiko, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Wanawe walikuwepo, na mama mkwe alisimama mlangoni katikati yetu. Nilisikia Sedekia anafunua kurasa, anatafuta, amepata, na amekwama. Alisafisha koo mara mbili.

"Mbona husomi?" baba yake akauliza.

Sedekia akasema maandishi ni madogo.

"Aliyeandika ndiye asome," mzee akasema. "Najua ni nani. Mpeni."

Mama mkwe alipokea kitabu akanipa mlangoni. Hakuniangalia. Mtoto alikuwa amelala kifuani, na nilisoma juu ya kichwa chake, kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani.

"Mwenye Maji ya Karibu, wa Ilomba. Ndivyo wanavyomwita wake wa wanawe, ambao kwa heshima hawatamki jina lake. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa Damari, mke wa mwanawe mkubwa, aliyezoea kuamka kabla ya jogoo kufuata maji, akaonyeshwa maji nyuma ya nyumba."

Nikaendelea na genge, na wale wawili walioanguka, na viangazi viwili, na nzige. Nikafika mwisho. Uani palikuwa kimya. Damari alikuwa amekaa karibu na mafiga, ameziba uso kwa kanga. Kimya kilikuwa kile mama mkwe alichokisema, nami nilimshika mtoto nikaona nimemshika sana, nikalegeza.

Mzee hakuniuliza mimi. Alimuuliza mkewe.

"Wananiita hivyo tangu lini?"

"Tangu Damari alipokuja."

"Miaka ishirini."

"Ishirini na mbili."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Kuku alipita uani akidonoa, Jailos akamfukuza kwa mguu, akarudi.

"Hakuna aliyeniambia," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta kitu chake mwenyewe mahali asipotarajia. "Jina langu wanalijua hata wa kodi. Hili sikulijua. Mwambie arudie pale juu."

Nikarudia. Akasema nirudie tena. Nikarudia mara ya tatu, na mara hiyo sikuhitaji kuangalia kitabu.

Alisimama, nilisikia kigoda. Akawaaga wanawe. Alipofika ukingoni mwa migomba akasimama akauliza, bila kugeuka, yule mdogo ameitwa nani. Mama mkwe akajibu bado.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Aitwe Sekela," akasema, ndiyo kusema furahi kwa lugha yetu. "Msingoje."

Kisha akakohoa, ingawa alikuwa anaondoka na hakukuwa na mwanamke njiani, akaenda zake.

Usiku ule niliweka sikio puani mwa Sekela mara nyingi kuliko usiku wowote. Kulipokucha siku ya ishirini na mbili nilimfunga mgongoni, nikabeba nguo zake nikaenda nyuma ya nyumba kufua. Ilikuwa zamu ya mzee Andendekisye kusafisha mfereji, na kwa kawaida zamu yake ikifika maji huja na majani. Lakini asubuhi ile majani yalikuwa yamerundikwa kando, bado yana maji, na nyayo za mguu mkubwa zilikuwa matopeni zimeelekea juu. Nikasikia kikohozi cha baba mkwe mbele yangu, mbali kidogo. Nikaingia migombani na mwanangu, nikangoja apite.